“Mawe yangu yanatoka flati, nikope ninunue kamera kubwa kabla ya kwenda Utah?”

Swali: “Habari mwalimu. Mimi niko Kondele, Kisumu, kazi yangu ni picha za harusi na mazishi, na wikendi napiga mandhari kidogo kujifurahisha. Desemba hii naenda kumtembelea dada yangu Salt Lake City na ameniahidi siku tatu Moab nione yale mawe mekundu ya jangwani, mbuga za Arches na Canyonlands. Kujizoeza nilienda Kit Mikayi, yale mawe makubwa ya huku kwetu, mwezi wa tisa nikapiga kama picha mia mbili, zote mawe yamekaa flati kama yamekatwa kwa kadibodi, na zingine zina weupe kama maziwa (nimekutumia nne). Nina Canon 700D ya mtumba na lenzi yake ya 18-55. Rafiki ananiambia senso yangu, kile kipande kinachonasa mwanga, ni ndogo, jangwa linataka fulfremu, yaani kamera ya senso kubwa, na kuna mtu ananiuzia moja 120,000. Tena anasema winta jua ni hafifu, heri nipige na simu tu. Nikope kwa chama ama niache? Na hiyo baridi haitaniulia kamera?”

Usikope. Naanza na hilo juu pesa ya chama ni rahisi kuchukua na ngumu kurudisha, na kamera tayari unayo. Wasiwasi wako naujua, hii ni safari ambayo huenda usiirudie, na unaogopa utoke mbali hivyo urudi Kondele na picha kama zile za Kit Mikayi. Lakini zile picha ziliharibiwa na saa uliyopiga, hata ungekuwa umebeba kamera ya milioni moja zingetoka vile vile.

Nilifungua zile nne nikaangalia muda ulioandikwa ndani ya faili: saa saba na dakika kumi mchana. Na hata bila faili ningejua, maana kuna kijana amesimama chini ya jiwe na shati ya bluu, angalia kivuli chake, hakifiki hata futi moja, kimejikunja hapo kwa viatu. Septemba jua la mchana hapo Kisumu linapita karibu kabisa juu ya utosi. Mwanga ukitoka juu hivyo unaosha vichwa vya mawe na kuacha ubavu wote kwenye giza moja lisilo na umbo, ule ufa mkubwa katikati ya Kit Mikayi haujulikani ni ufa ama ni doa.

Wewe ni mtu wa harusi kwa hivyo hili unalijua kwa mikono yako. Bibi harusi ukimpiga fleshi ya juu ya kamera moja kwa moja, uso unageuka sahani. Ukimsogeza kando ya dirisha pua inatokea, shavu linajaa, hata lesi ya gauni unaihesabu uzi kwa uzi. Jiwe ni vile vile. Jicho linapima umbo kwa kuangalia mahali mwanga unapoishia na kivuli kinapoanzia, na kivuli kizuri cha kuonyesha mikunjo kinatoka kwa mwanga unaopita kando, chini chini, ukiparuza uso wa jiwe. Kwa hivyo swali ambalo ungeniuliza ni Desemba jua la Moab linakaa wapi, na hapo ndipo rafiki yako amekosea vibaya.

Anasema jua la winta ni hafifu. Joto lake ni kidogo, hiyo ni kweli, lakini kwa mpiga picha wa mawe hiyo ndiyo zawadi. Sisi hapa Nakuru na nyinyi Kisumu tumekaa kwa ikweta, jua linapanda kama mtu anapanda ngazi, wima, na mchana wa Desemba liko digrii 67 hivi juu. Moab iko karibu digrii 38 na nusu kaskazini, na mwisho wa Desemba jua likifika mwisho wake mchana linafika digrii 28 tu halafu linaanza kushuka. Nilipiga hesabu ya hiyo digrii 28 kwa hapa kwetu nikacheka peke yangu: ni jua la Nakuru la saa mbili na nusu asubuhi. Yaani saa sita mchana ya Moab ni saa mbili na nusu ya hapa, na haliendi juu zaidi ya hapo siku nzima, kwa hivyo kule una mwanga wa kando kuanzia asubuhi mpaka jioni, kitu ambacho hapa tunakimbilia kwa bodaboda kabla hakijaisha.

Chukua mfano wa mawe mawili. Fischer's Tower pale Hell's Gate, lile jiwe refu la mita 25 ukiingia tu kwa geti ya Elsa, mchana wa Desemba linatupa kivuli cha mita 10 hivi, kifupi kuliko jiwe lenyewe. Balanced Rock ya Arches ina mita 39 ukihesabu na kile kinara chake, na saa hiyo hiyo ya mchana, mwezi huo huo, kivuli chake kinapita mita 70. Hebu fikiria kila kokoto, kila mstari wa mchanga, kila ufa hapo chini una mkia mrefu hivyo.

Halafu kuna ile nusu saa ya dhahabu ambayo kila mtu anaiongelea. Desemba, kutoka jua lichomoze hapa mpaka lifike digrii 6 ni dakika 30 hivi, ukichelewa kufunga tripodi imekupita. Kule linapanda kimshazari kwa hivyo unapata kama dakika 40. Lakini na siku ni fupi, uzingatie hilo: linachomoza karibu saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni limeshazama. Mwambie dada yako mapema kwamba hakuna kulala mpaka saa tatu ati ni likizo, na chakula cha jioni kitaliwa baada ya giza. Kizuri ni kwamba huhitaji kuamka saa tisa usiku kama wale wanaoenda Juni.

Kuhusu rangi. Mawe ya huko ni mchanga wa zamani ulioshikana ukawa jiwe, na wekundu wake ni chuma kilichoshika kutu, ile ile familia ya wekundu unaouona kwa udongo wetu wa barabarani. Jua likiwa chini mwanga wake unapita kwenye hewa nyingi kabla ya kukufikia, bluu inatawanyika njiani, inabaki njano na nyekundu, na nyekundu ikigonga jiwe jekundu unaona linawaka kama jiko la makaa. Wakati huo huo sehemu zenye kivuli hazipati jua, zinaangaziwa na anga la bluu tu, kwa hivyo vivuli vinakuwa bluu kabisa. Watu wakiona picha za hivyo wanadhani mtu amecheza na kompyuta, kumbe ni vile ilivyo.

Na hapa ndipo kamera yako itakusaliti kama hujaishika. Ile automatiki ya rangi ikiona nyekundu nyingi inadhani kuna makosa, inaongeza bluu kurekebisha, unarudi nyumbani na mawe ya rangi ya simenti. Weka kwa alama ya jua, iache hapo siku zote tatu. Piga RAW, lile faili ghafi ambalo kamera haijalibana. Najua harusini unapiga JPEG juu ya haraka na nafasi ya memori kadi, lakini huku utahitaji ule uwezo wa kuvuta kivuli baadaye.

Theluji ikiwa imeanguka, na omba ianguke usiku mmoja kabla hujafika, kuna mtego mwingine. Kamera inataka kila kitu kiwe kijivu cha wastani, ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, theluji inatoka kama majivu. Unaijua hii kutoka kwa gauni la harusi, ongeza stopu moja, yaani mwanga mara mbili, angalia histogramu, ile grafu ya mwanga, hakikisha haijagonga ukuta wa kulia. Jiwe jekundu lenye theluji kidogo kwa mabega na anga la bluu nyuma, mimi sijaona kitu kinashinda hiyo na nimepiga mawe miaka mingi.

Sasa wapi na saa ngapi. Siku tatu ni chache, mimi ningezigawa hivi. Asubuhi moja ni ya Mesa Arch, iko Canyonlands, kutembea ni kama kilomita moja kwenda na kurudi. Pale unapiga ukiangalia jua linakochomoza, na watu wengi wanafikiri hiyo ni makosa mpaka waone: jua linagonga ukuta wa jabali ulioko chini ya lile tao, ukuta unarudisha mwanga mwekundu juu, na tumbo la tao linawaka chungwa kama taa imewekwa ndani. Ni rifleta, ile yako ya kukunja ya harusini, ila imejengwa na Mungu. Fika kama saa moja kabla, utakuta wenzako na tripodi zao wamebanana kama abiria wa matatu, salimia, omba nafasi kwa upole, huwa wanasogea. Na usikimbie jua likishatoka, ule mwako unaendelea kwa muda.

Jioni moja ni ya Delicate Arch, ile iko kwa nambari za gari za Utah. Kutembea ni karibu kilomita 5 kwenda na kurudi na unapanda kama mita 146, sehemu kubwa ni jiwe tupu. Ukisimama pale wengi wanaposimama unaangalia kusini mashariki, milima ya La Sal na theluji yake iko nyuma ya tao, na winta jua linazama kusini magharibi, yaani linakuja kutoka mkono wako wa kulia. Mwanga wa kando, wenyewe. Fika lisaa limoja na nusu kabla ya jua kuzama, kaa, angalia vile kivuli kinavyotembea, piga kila dakika kumi. Lenzi yako ya 18-55 inatosha, lakini kama dada yako anaweza kukuazimia lenzi ndefu, hata ile ya bei ya chini ya 55-250, utarudi nyuma uilete milima karibu na tao, ionekane mikubwa.

Zile masaa za katikati usirudi hotelini. Hapa kwetu nawaambia wanafunzi wangu saa nne wafunge mifuko, huko Desemba ningekwambia kinyume. Zunguka jiwe. Nilipoenda mimi, Januari, nilifanya kosa la kusimama mahali nilipopaki gari na kupiga hapo hapo kama mtalii, picha zikatoka flati na jua liko chini vizuri tu. Kwa nini? Jua lilikuwa mgongoni mwangu. Jua la chini likiwa nyuma yako ni fleshi ya juu ya kamera tena, umerudi kwa ile sahani. Nikatembea hatua kama arobaini kushoto, jua likawa begani, na lile jiwe ambalo lilikuwa ukuta likawa na mbavu. Hatua arobaini, bei yake sufuri.

Turudi kwa fulfremu, nisikufiche kitu. Inasaidia kweli kwa kupiga nyota, inasaidia ukitaka kuprinti mita mbili ukutani, na kwa vivuli vizito itakupa usafi zaidi kuliko 700D ambayo ilitoka 2013 na ukivuta giza sana inaonyesha chengachenga. Hizo faida ni za kweli. Lakini ukiwa na tripodi, ISO 100, tundu la lenzi f/8 au f/11, na ukipiga picha tatu za mwanga tofauti pale kontrasti imezidi ukaziunganisha baadaye, mtu akiangalia picha kwa simu au kwa karatasi ya A3 hatajua ni kamera gani. Usifunge lenzi mpaka f/22 ukidhani unaongeza ukali, inalainisha. Na hiyo ya 120,000 ni bodi tu, umeuliza lenzi zake bei gani? Pesa ikikuwasha sana nunua tripodi nzito na betri mbili za ziada.

Simu kwa upande mwingine si ya kudharau, itumie kutafuta pembe kabla hujafungua tripodi, na kwa picha za dada yako akicheka. Ila ile programu yake ya ndani inapenda kung'arisha vivuli vyote, na wewe umesafiri kwa sababu ya vivuli.

Polaraiza, kile kichujio cha mbele ya lenzi cha kukoleza anga, unaweza kubeba lakini uwe mwangalifu, kwa lenzi pana jua likiwa chini anga linatoka bluu nzito upande mmoja na nyeupe upande mwingine, mbaya sana. Kwa hewa ile kavu na baridi anga lenyewe tayari ni bluu, mara nyingi niliitoa nikaiweka mfukoni.

Baridi haiui kamera, inaua betri, tena kwa muda. Usiku Moab inashuka chini ya sifuri na asubuhi ndiyo kali zaidi. Betri ikipoa sana nguvu zake zinazubaa, inaonyesha imeisha na bado ina nusu, mimi yangu ilizima pale juu dakika tano kabla ya jua kuzama na zingine nilikuwa nimeziacha kwa begi, ngumu kama barafu. Ziweke mfuko wa ndani wa shati, karibu na mwili, uzibadilishe zamu kwa zamu. Hatari yenyewe ya kamera iko wakati wa kuingia ndani: ukitoka baridini ukaingia chumba chenye hita, unyevu wa chumba unatua kwa kioo na kwa mitambo, kama soda baridi inavyotoka jasho mezani. Kabla hujaingia fungia kamera ndani ya mfuko wa plastiki wa zipu, utoe hewa, uiache hivyo masaa mawili ipate joto polepole. Mifuko nunua kule kule, hapa kwetu na hiyo vita ya plastiki tangu 2017 sitaki nikuingize kwa shida uwanja wa ndege. Na usipulize lenzi kwa mdomo kuipangusa, pumzi inaganda.

Wewe mwenyewe jiangalie zaidi ya kamera. Jaketi zuri la mtumba la soko la Kibuye litafaa, glovu mbili, nyembamba ndani ya nene. Njia ya Delicate Arch winta huwa na barafu juu ya jiwe na utarudi gizani, kwa hivyo tochi ya kichwani ni lazima, na vile vyuma vya meno vya kuvaa juu ya kiatu. Asubuhi ya kwanza ingieni ofisi ya wageni ya mbuga mwulize renja njia ikoje siku hiyo, hilo mimi siwezi kukujibu nikiwa Nakuru na hakuna mtandao utakaokujibu vizuri kumliko. Akisema msipande, msipande. Mtu akianza kutetemeka bila kuacha na maneno yanamkwama mdomoni, picha imeisha, mshusheni akapate joto na mpige simu ya dharura, 911. Droni kama ipo ibaki nyumbani, mbuga za taifa za Marekani zimeikataza. Na ukiona mchanga una ngozi nyeusi yenye vinundu usiukanyage, ule uko hai, viumbe vidogo vilivyo ndani yake vinashikilia mchanga usipeperuke na unyayo mmoja unachukua miaka kupona, tembea juu ya jiwe ama kwa njia iliyowekwa.

Umeuliza weupe kama maziwa, hilo nimeliacha mwisho kwa sababu linanitia wasiwasi kuliko senso. Linaweza kuwa tu mvuke wa mchana wa upande wa ziwa. Lakini picha yako ya tatu ina weupe kwenye kona ya kushoto hata kwa jiwe la karibu kabisa, na mvuke haufanyi hivyo. Ingia chumba chenye giza, toa lenzi, imulike na tochi kutoka nyuma huku ukiichungulia mbele. Ukiona nyuzi nyembamba kama utando wa buibui au kama mizizi, hiyo ni kuvu, na kwa unyevu wa Kisumu na begi lililofungwa miezi ni jambo la kawaida. Usifungue mwenyewe, usipake spiriti, mpelekee fundi wa lenzi anayefungua mbele yako na mwulize bei kabla, maana lenzi ya 18-55 ya mtumba wakati mwingine ni rahisi kuliko kuisafisha.

Ukishalimaliza hilo rudi Kit Mikayi kabla ya safari. Ongea kwanza na wanaosimamia pale, kuna watu wanaenda kuomba na hawapendi kupigwa picha bila kuulizwa. Uwe umefunga tripodi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, jua liwe begani, upige pembe ile ile ya ile picha ya kijana wa shati ya bluu, kisha uipige tena saa mbili na nusu. Hiyo ya pili ndiyo mchana wa Moab. Nitumie zote mbili nizione, na siku ya kusafiri betri za ziada zipande na wewe ndani ya ndege kwa begi la mkono, kwa mzigo wa chini haziruhusiwi.